Darasa la Pumzi Arobaini

Tarehe 3 Februari

Shangazi, shikamoo. Na shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeipokea ukiwa umekunja uso. Mimi mzima, meno yote yapo isipokuwa lile unalolijua. Wewe je? Goti limeacha kulalamika? Na mama mwenye nyumba wako, bado anafungua dirisha kusikiliza unaongea na nani? Msalimie sana.

Barua hii ataileta Dereva wa Mitungi, yule anayeleta mitungi ya oksijeni hospitalini kwenu kila Alhamisi. Ningepiga simu, lakini ulishasema simu zangu hupokei, eti naongea bila nukta mpaka anayeishiwa pumzi ni wewe.

Sasa mambo. Biashara ya miwani nimeiacha. Wateja walianza kuona vizuri, wakanitambua. Sumu ya panya nayo basi, panya walinenepa. Safari hii nimepata bidhaa isiyooza, haihitaji stoo wala kibali, na kila mteja anakuja nayo puani. Nauza pumzi. Yaani nafundisha watu kupumua.

Usicheke kwanza. Watu wanapumua tangu kuzaliwa bila mwalimu, ndiyo maana wanapumua ovyo ovyo. Mwanafunzi akija, namwambia abane pumzi, napima na saa: sekunde thelathini na tano, macho yamemtoka pima. Halafu nampa dawa yangu: pumzi arobaini za chapuchapu, ndani nje, ndani nje, kama mbwa aliyekimbiza lori. Kisha abane tena. Dakika moja na nusu! Na saa anashika mwenyewe. Nani atabisha? Msusi wa mtaani kwetu alitokwa na machozi. Karani wa mahakama, mtu ambaye hata mvua haiamini bila mashahidi wawili, amejiandikisha yeye na mkewe.

Nina ombi dogo. Hapo wodini kwenu kuna vile vibanio vya kidoleni, vinawaka taa nyekundu na kusema damu ina oksijeni kiasi gani. Nikipata kimoja tu, nitaonekana daktari kabisa. Vipo vingi, hawatakikumbuka. Na wewe mfagizi nani atakupekua?

Mwanao,
Mwalimu wa Pumzi


Tarehe 12 Februari

Mwalimu, marahaba. Goti linauma mvua ikija na barua zako zikija. Mama mwenye nyumba hajambo, dirisha lake ndilo limechoka. Mlango wa choo cha nje umetengenezwa baada ya miezi saba, sasa unafungwa ila haufunguki.

Kibanio hupati. Vimeandikwa namba, na mimi sijafagia miaka ishirini ili nifukuzwe kwa ajili ya kidole chako.

Lakini nashukuru kwa kunikumbusha kwamba mimi mfagizi. Ni kweli. Nafagia wodi ya vifua. Kila Jumatatu daktari mkubwa anakuja na wanafunzi wake, wanazunguka kitanda, anawasomesha jinsi mtu anavyopumua, nami napiga deki katikati ya viatu vyao. Wale wanahitimu wanaondoka. Mimi siondoki. Somo hilo nimelisikia mpaka daktari akisahau kipande natamani kumnong'oneza. Wewe darasa la tano ulitokea dirishani, usije kunifundisha mimi pumzi.

Hao unaowafundisha kupumua wanapumua hata wakiwa wamelala. Wanapumua hata wakikusikiliza wewe, na hiyo ni kazi. Mwili haukumwachia binadamu jambo hilo, ulijua atasahau. Ulipokuwa na miaka mitatu ukinyimwa sukari ulikuwa unabana pumzi mpaka midomo inakuwa rangi ya majivu. Siku moja mimi nilikimbia nje, sikuweza kutazama. Bibi yako akasema mwacheni. Ukazimia, na ulipozimia tu ukaanza kupumua mwenyewe, polepole, kama mtu mwenye adabu. Mwili ulikunyang'anya ufunguo. Tangu siku hiyo tunajua kwamba kati ya wewe na mwili wako, mwenye akili ni mwili.

Pumzi arobaini, eh? Za mwizi pia ni arobaini. Umechagua hesabu yako vizuri.

Swali moja, nijibu bila kona. Hao wanafunzi wako wanabana pumzi wakiwa wapi?

Shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shangazi shikamoo, na pole kwa mlango wa choo. Piga teke pale chini ya bawaba, milango yote ya aina hiyo ina kiburi. Huku tupo, mvua zimeanza, viatu vyangu vyote viwili vinavuja ila kwa zamu. Yule jirani yangu fundi redio amepata mtoto wa nne, amesema huyu ndiye wa mwisho, alisema hivyo hivyo kwa wa pili.

Barua yako nimewasomea wanafunzi, ile sehemu ya midomo ya majivu niliiruka. Wamekupenda. Karani ameuliza kama unakubali kuja kutoa hotuba na deki yako.

Umeuliza wanakaa wapi. Mwanzoni walikaa kwenye viti, Shangazi. Lakini mtu akibana pumzi kwenye kiti hana mvuto. Anaonekana kama anasubiri zamu ya benki. Kwa hiyo tumehamia kwenye bwawa la kuogelea la ile nyumba ya wageni iliyofungwa. Vyumba vimefungwa, bwawa halikufungwa; vigae vimebanduka upande mmoja lakini maji yako safi, kuna mzee analisafisha, anatembea na fimbo ndefu yenye wavu akiokota majani. Mwanafunzi anapiga pumzi zake arobaini pembeni, anazama, na mimi nasimama juu ya ukingo nahesabu kwa sauti. Watu wanapiga makofi. Wengine hawajui hata kuogelea, wanakuja kusikia mimi nahesabu tu.

Na yupo mmoja, Fundi Cherehani. Shangazi, huyo dada ni samaki aliyesomea ushonaji. Kaptula yangu hii niliyovaa kaishona yeye, mifuko minne. Akizama anatulia chini kabisa kama yuko kwake, dakika mbili na sekunde kumi, halafu anaibuka bila hata kutweta. Nikamuuliza anasikiaje. Akasema hasikii chochote, anasikia raha tu. Sasa hiyo si ndiyo ishara kwamba dawa yangu inafanya kazi? Nakuuliza wewe daktari wa sakafu.

Ninampenda, lakini hilo usimwambie mama mwenye nyumba, litafika huku kabla ya barua.

Mwanao


Tarehe 6 Machi

Marahaba. Sote wazima.

Soma hii polepole na usiwasomee watu kama mchezo.

Hapa nyuma, shingo inapokutana na kichwa, ndani, kuna sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kukupumulisha. Mimi naiita mlinzi. Mlinzi huyo ananusa damu usiku na mchana. Sasa shika hapa: kikubwa anachokinusa si hewa nzuri. Ananusa ile hewa chafu tunayoitoa. Ikijaa, anapiga kengele. Ule moto unaousikia kifuani ukibana pumzi, ile hamu ya kuvuta kwa nguvu, hiyo ndiyo kengele yake. Oksijeni bado ipo hapo, anakuwahi mapema kwa usalama wako.

Wewe na mbwa wako wa kukimbiza lori hamuongezi hewa nzuri. Damu ya mtu mzima inakuwa imeshajaa, na kikombe kilichojaa hakijazwi. Mnachofanya ni kufukuza ile chafu. Mlinzi ananusa, anaona shwari, anakunja miguu. Hapo mtu anazama. Oksijeni inaisha kweli kweli, na kengele haijalia. Anasikia raha. Halafu anazimika kama taa, bila kuaga.

Nchi kavu akizimia, mwili unaamka na kuvuta hewa, kama wewe na sukari yako. Majini unaamka vilevile, ila unavuta kilichopo.

Huyo Fundi wako hasikii chochote kwa sababu umemlaza mlinzi wake. Watoe watu majini leo. Usiniulize zaidi, mimi sina zaidi.

Shangazi


Tarehe 27 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo, shikamoo mara saba. Natumaini hujambo, goti halijambo, mama mwenye nyumba hajambo, mlango wa choo haujambo. Huku sote wazima wa afya. Mtoto wa fundi redio ameanza kucheka. Viatu nimeshonesha. Jua linawaka vizuri.

Samahani nimechelewa kujibu, lori la mitungi liliharibika muda mrefu.

Darasa linaendelea vizuri sana. Tarehe 14 Juni tunafanya Mashindano Makubwa ya Pumzi. Mchora mabango ameshamaliza bango, kanichora mimi nina mashavu kama tarumbeta. Muuza magodoro atatoa godoro kwa mshindi. Watu sitini wamejiandikisha. Sitini, Shangazi! Sasa nikisema sifanyi, nitapita wapi mtaa huu?

Yale ya mlinzi nimeyasoma, yana maana yake, ila daktari wenu anaona wagonjwa tu. Akiona mzima mmoja atabadilisha somo.

Kuna rafiki yangu kaniuliza kitu, simjui vizuri huyo rafiki. Mtu akizimia kwenye maji kidogo, dakika moja hivi, akatolewa akatapika maji, akakaa zahanati siku mbili, akili yake inarudi sawa? Na kama mtu huyo hataki kufungua mlango ukigonga, hiyo ni dalili ya ubongo au ni hasira tu?

Mwanao


Tarehe 1 Mei

Marahaba saba.

Lori la mitungi halikuharibika. Dereva amekuja hapa kila Alhamisi, ananiamkia, ananionyesha mikono mitupu. Alhamisi sita. Wodi ya vifua lori hilo likikosa wiki moja tu tunajua, baba.

Rafiki yako usiyemjua vizuri, mwambie hivi: kama mtu huyo anaongea na kushona sawasawa, ubongo umepona. Kutofungua mlango si ugonjwa. Hiyo ni akili iliyorudi yote.

Na mwambie ninamdharau. Watu sitini na godoro. Umeona mtu anatapika maji mbele yako, ukaenda kwa mchora mabango akuongezee mashavu. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako nimebaki mimi peke yangu.

Nilikuandikia usiniulize zaidi. Sasa nakuambia bila kuulizwa.

Baba yako tulikuambia magugu yalimshika mguu kwenye lile shimo la machimbo lililojaa maji. Hakukuwa na magugu. Lile shimo ni jiwe tupu, hata jani halioti. Baba yako na vijana wenzake walikuwa wanashindana kuzama. Na yeye alikuwa na siri yake: anapumua haraka haraka mara nyingi kwanza, halafu anazama, anawashinda wote. Pumzi ngapi sijui, hakuwa mwalimu kama wewe. Hiyo siri hukuirithi kwa mtu, maana ulikuwa na mwaka mmoja. Mtaa mzima wa wajinga unaweza kuigundua upya wenyewe, haihitaji kurithiwa.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa juu ya jiwe. Alikuwa amenifundisha kuhesabu kupita mia ili nimhesabie, na hiyo kazi niliipenda kuliko kitu chochote. Siku ile nilihesabu kwa sauti. Wale vijana wanapiga makofi. Nilifika mia mbili, alikuwa hajawahi kufika mia mbili, nikaona fahari. Mia tatu nikaona fahari zaidi. Nilihesabu mpaka mia nne na kumi, na aliyeninyamazisha ni mtu mwingine.

Sasa niambie. Wakati Fundi yuko chini, nani alikuwa anahesabu?

Shangazi yako


Tarehe 15 Juni

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Nasema sote kwa kuhakikisha, nimewahesabu jana mmoja mmoja wakitoka getini.

Aliyekuwa anahesabu ni mimi. Ilikuwa tarehe 17 Machi, barua yako ya mlinzi ikiwa mfukoni, ule wa nne wa kaptula. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda bwawani. Fundi alizama, mimi nikahesabu. Ilipopita mia na thelathini nikapandisha sauti. Mia na sitini nilikuwa nacheka. Aliyeuliza mbona mapovu yameisha ni yule mzee wa fimbo, na hakungoja jibu. Alimnasa gauni kwa fimbo akamvuta kama jani. Mimi nilikuwa bado nahesabu, Shangazi. Mzee ananiambia nishike miguu, na mdomo wangu unasema mia na sabini na mbili.

Barua yako ya Mei ilinikuta. Nilikukasirikia siku mbili kwa ajili ya magugu. Nimekua nikiogopa magugu yasiyokuwepo, hata bustani ya hospitali naipita mbali. Siku ya tatu hasira zikaisha, nikabaki na ile hesabu yako kichwani.

Mashindano sikuyafuta. Ningebandika tangazo wangekuja tu, wakajizamisha wenyewe bila mimi. Nikaacha waje. Walikuja zaidi ya sitini, bango limetundikwa, godoro limesimamishwa ukutani na karatasi yake ya nailoni. Nikapanda juu ya kiti nikawaambia yote. Mlinzi, kengele, kikombe kilichojaa. Nikasema hakuna kuzama leo wala kesho, na dawa yangu inaua.

Hakuna aliyeamini. Hata mmoja. Msusi alisema nimeshapanga mshindi. Karani wa mahakama aliuliza kama nina maandishi ya daktari. Shangazi, nimeuza uongo miaka kumi, sijarudishiwa hata kipande. Ukweli nimeugawa bure, siku moja tu, na muuza magodoro akasema kama maji ni hatari basi nianze mimi kuonyesha, akanisukuma.

Sasa kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu hapa. Mwalimu wa Pumzi hajui kuogelea.

Wewe kengele umeisikia ikisimuliwa. Mimi nimeisikia yenyewe. Haiombi. Nilibana mdomo kwa mikono miwili na bado mbavu zilikuwa zinajivuta zenyewe, kama kuna mtu ndani anapiga mlango kwa bega. Nilimshukuru huyo mlinzi na nikamlaani kwa wakati mmoja. Halafu kuna mkono ulishika kola.

Alikuwa Fundi Cherehani. Kumbe alikuja, alisimama nyuma ya godoro. Alinipandisha ukingoni nikaanza kujieleza, nakohoa na kujieleza, akaniambia:

"Nyamaza upumue."

Nikanyamaza. Andika tarehe.

Kisha akawageukia wao, nguo zinachuruzika, akawaambia kwamba ile siku yake hakusikia kifua kuuma wala hamu ya kupumua. Alikuwa anawaza kola ya gauni la mteja, anaona raha, na kitu cha pili anachokumbuka ni uso wa mzee wa bwawa juu yake. Hapo katikati hakuna kitu. Alisema, "Nilikuwa nimeshakufa na sijaambiwa." Hakuongeza. Karani alimshika mkewe mkono wakaondoka, na wengine nyuma yao. Muuza magodoro alibeba godoro lake kichwani bila kuaga. Mzee wa fimbo akalishusha bango, amesema atafunikia nalo bwawa.

Fundi hajanisamehe. Amesema nipeleke kaptula akabane mshono uliofumuka kwenye kola ya shati, nikamwambia kaptula haina kola, akasema nilete vyote viwili na nisiongee. Natafuta kazi. Usipendekeze kufagia.

Sasa lile lako. Uliniuliza nani alikuwa anahesabu, ukidhani ukininyooshea kidole mimi utakuwa umejinyooshea na wewe. Hapana. Ulikuwa na miaka tisa. Mtu mzima anayempa mtoto kazi ya kuhesabu ndiye anayetakiwa kumwambia aishie wapi, na baba hakukuambia. Mimi nina miaka thelathini na nne, nilikuwa na saa mkononi na barua ya shangazi yangu mfukoni, na nilipita mia na sitini nikicheka. Kati yetu wawili, wa kukosa usingizi si wewe.

Mwanao